Homa Mpya ni Kali Kiasi Gani?

Mabibi na mabwana, homa mpya ya mafua ikitangazwa, swali la kwanza midomoni mwa watu ni: "Je, ni kali?" Swali halali, ila ndani yake mna maswali mawili. Inaenea kwa kasi gani? Na ikishampata mtu, ina uwezekano gani wa kumuua? Tukiyachanganya hayo mawili, tunaogopa pasipostahili na kupuuza panapostahili.

Tazameni mwaka 2009, yalipozuka mafua yaliyoitwa "homa ya nguruwe". Tarehe 11 Juni, Shirika la Afya Duniani lilipandisha tahadhari hadi daraja la 6, la juu kabisa. Watu wakasikia "6", wakaelewa mauti. Kumbe madaraja yale yalipima namna kirusi kilivyosambaa duniani, ukali hayakuupima. Wagonjwa wengi walipopona nyumbani, watu wakaona wametishwa bure, na chanjo ilipofika wengi waliikwepa. Kabla ya hapo Misri ilikuwa imeamuru nguruwe wake, wapatao 300,000, wachinjwe, ilhali homa ilikuwa ikipita kutoka mtu hadi mtu. Jina "homa ya nguruwe" lilitosha kuwaponza wanyama wale.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapo ndipo wengi hupotea. Tuseme hospitali zimepokea wagonjwa 1,000 na 20 wamekufa. Gazeti litaandika: inaua wawili katika kila mia. Lakini waliofika hospitali ni waliozidiwa. Ikiwa walioambukizwa kwa jumla ni 50,000, vifo ni vinne tu katika kila 10,000. Hapo hatari imekuzwa mara hamsini.

Hesabu hiyohiyo hukosea pia kwa upande wa pili, na kosa hili halisemwi sana. Mgonjwa hafi siku anayopimwa. Huenda akalala kitandani wiki mbili au zaidi. Maambukizi yakiwa yanaongezeka maradufu kila baada ya siku chache, vifo vya leo ni vya watu walioambukizwa zamani, wakati idadi ya wagonjwa ni ya leo. Ukigawanya, ugonjwa utaonekana mpole kuliko ulivyo. Isitoshe, maabara haziwapimi wote wanaokufa. Vifo vya 2009 na 2010 vilivyothibitishwa maabara vilikuwa takriban 18,500. Makadirio ya baadaye, kwa mwaka wa kwanza pekee, yalikuwa kati ya 151,700 na 575,400.

Tena wastani huficha nani anayekufa. Mafua ya kila msimu huua zaidi wazee. Yale ya 2009 yaliwaelemea watu wa chini ya miaka 65, wakiwamo wajawazito, kwa kuwa wazee wengi walikuwa na kinga iliyotokana na virusi vya zamani vilivyofanana na kirusi hicho kipya. Kijana aliyejiambia "mafua ni ya wazee" alijidanganya.

Kwa hiyo ukipewa asilimia ya vifo, uliza kwanza: kati ya watu gani, na wa umri gani? Nyumbani, usingoje takwimu zitulie. Kupumua kwa shida, midomo kugeuka rangi ya bluu, kuchanganyikiwa, au homa iliyoshuka kisha ikarudi na kikohozi kibaya zaidi, hayo ni ya kukimbiza hospitali saa hiyohiyo. Mjamzito, au mwenye pumu, kisukari au ugonjwa wa moyo, asisubiri hata dalili hizo: amwone daktari homa inapoanza, kwani dawa kama oseltamivir hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa ndani ya saa 48.