Kuliona jiwe la Bismarck pale Mwanza siyo kufika

Mwangaluka wote. Nawaona wazazi mmekaa nyuma kabisa kule, sogeeni jamani, viti vya mbele vipo, na leo naongea zaidi na nyie kuliko hawa vijana wenu.

Mambo ya kuchagua kayaki, hii boti nyembamba ya kupiga kasia, kufunga mizigo, nani umuage kabla hujaondoka, sitayagusa, vijana wanayajua. Nimekuja na jambo moja, na wengine hapa mmeshalisikia kwangu mpaka mmechoka, lakini nitalisema mpaka lieleweke: safari ndefu ya peke yako majini inaua ikiwa imebaki kidogo. Katikati kule mtu yuko macho, anaogopa, anaheshimu maji. Akishauona mji wake ndo anaacha kuogopa.

Nilitoka Bukoba kuja Mwanza kwa kayaki, Ziwa Victoria, peke yangu, siku 19. Nimepita visiwani, Bumbire, nimeizunguka Rubondo kwa mbali kwa sababu ya viboko, nimelala Maisome, nimelala Kome, na siku 18 za kwanza sikupinduka hata mara moja, kwa sababu nilikuwa na sheria moja tu, naingia majini saa 11 alfajiri na saa 4 asubuhi niko nchi kavu. Nyie watu wa huku mnajua kwa nini. Asubuhi ziwa limelala, jua likishapasha nchi kavu upepo unaanza kuingia kutoka ziwani, na ikifika saa 7, saa 8, mawimbi yameshasimama. Hiyo sheria niliishika siku 18. Siku ya 19 nikaivunja, tena nikiwa upande wa Sengerema, naiona milima ya Mwanza kwa macho yangu.

Niliivunja kwa sababu ya mapokezi. Kulikuwa na tarehe imetangazwa, kuna turubai limefungwa, spika, maji ya kunywa, na mgeni rasmi. Usiku wake upepo haukulala kabisa, asubuhi ziwa limechafuka, na mzee mmoja pale mwaloni, wanaposhushia samaki, mtu ambaye amevua humo kabla mimi sijazaliwa, akaja akachuchumaa pembeni ya boti yangu akaniambia, "Mwanangu, maji ya leo ni ya kulala. Mwanza haihami." Nikamwitikia, nikakaa, nikachemsha uji. Simu ikaanza. Kaka uko wapi. Kaka, watu wameshaanza kufika. Kaka, mgeni rasmi ana ratiba nyingine saa 10, tunamshika vipi? Simu 11 kwa masaa mawili, nilizihesabu baadaye. Saa 5 na nusu, upepo ulipopungua kidogo, nikasukuma boti majini. Yule mzee hakusema kitu, alisimama tu akaniangalia.

Sasa naomba mnisikilize vizuri hapa kwa sababu ndo penyewe. Kuvuka kwenyewe nilivuka, kwa shida lakini nilivuka. Kilichonipata kilinipata nimeshafika, mita kama 300 kutoka kwenye lile turubai, muziki nausikia, rangi za nguo za watu naziona. Ule upande wa Capri Point ni mawe matupu, na wimbi likigonga jiwe halifii pale, linarudi, linakutana na linalokuja, maji yanaruka juu kama yanachemka na hayana upande, huwezi kusema nalipa wimbi mgongo au nalipa ubavu. Nikapinduka. Kujiinua na kasia bila kutoka kwenye boti nimefanya kwenye mazoezi mara zisizohesabika, siku ile mikono ilikataa. Ilikuwa imeisha. Nikatoka, nikaishika boti kwa mkono mmoja, mkono mwingine nikainua kasia juu nikapunga, nikapunga kweli kweli.

Wakanipigia vigelegele.

MC kwenye spika akasema anatusalimia huyo, mpigieni makofi! Na muziki ukaongezwa. Nilikuwa nameza maji nasikia makofi. Wala siwalaumu wale watu, walinipenda, wengine walikuwa ndugu zangu wa damu, mama yangu mzazi alikuwa pale amevaa kitenge kipya. Hakuna aliyewaambia mtu anayezama anafananaje.

Walioelewa walikuwa vijana wawili, mtu na mdogo wake, wanatoka kwenda kutega nyavu. Wakakata kona wakaja. Baadaye nikamuuliza yule mkubwa umejuaje, akaniambia, "Bro, anayesalimia anakuwa juu ya chombo. Wewe kichwa kilikuwa kinaonekana kinapotea, kinaonekana kinapotea."

Kuna mtu najua anasema moyoni, mita 300 si ungeogelea tu. Kwenda wapi? Kwenye mawe ambayo wimbi linakubamiza? Na mwingine atasema mbona wavuvi wanavuka saa hizo kila siku. Ndiyo wanavuka. Lakini mvuvi jana amelala kwake, amekula ugali na samaki, wako wawili watatu chomboni, na wengi saivi wana injini. Mimi nilikuwa na siku 19 za kulala kwenye mchanga na suruali inadondoka kiunoni. Msitufananishe.

Tena kuna kitu ambacho hata wenye uzoefu wanakisahau: boti ya siku ya mwisho siyo ile uliyoondoka nayo. Siku ya kwanza ina chakula cha wiki mbili tatu na maji, imekaa chini, imetulia. Siku ya mwisho umeshakula kila kitu, inaelea juu juu kama ganda, upepo unaishika ubavuni inayumba. Yaani mwili ndo umechoka na boti nayo ndo imekuwa kigeugeu, kwa wakati mmoja. Kwa hiyo siku ya mwisho jaza maji kwenye madumu ya lita 5, weka katikati, chini kabisa, nyuma ya kiti, yafunge yasitembee. Madumu mawili tu utaona tofauti.

Na hili la kuharibikiwa mlangoni sisi watu wa Mwanza hatuhitaji kufundishwa na mtu. Meli ya MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, ilikuwa imeshasafiri usiku kucha, ni asubuhi, watu wanajiandaa kushuka Mwanza, ikazama. Makaburi yako Igoma pale, tunapita kila siku. MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha watu 101 kimebeba watu zaidi ya mara mbili ya hapo, na kilipinduka kimeshakaribia kabisa gati la kisiwa cha Ukara, watu waliokuwa gatini wanaona. Walikufa watu 228. Najua pale tatizo la kwanza ni kuzidisha mzigo, sisemi vinginevyo. Nasema tu nchi kavu ikiwa karibu watu wanainuka, wanasogea upande wa kushukia, akili imeshashuka kabla ya miguu.

Kwenye kayaki mfano ninaoutoa kila siku ni Andrew McAuley, wa Australia. Aliondoka Tasmania Januari 2007, peke yake, kuvuka bahari ya Tasman kwenda New Zealand, kilomita kama 1,600 za maji ambayo hayana mchezo. Alikaa karibu mwezi mzima mle, akapita dhoruba kubwa akiwa amejifungia ndani ya boti. Mke wake na mtoto wao mdogo walikuwa wameshaenda New Zealand kumpokea. Februari, ikiwa imebaki chini ya kilomita 100, akaita kwa redio kwamba anahitaji kuokolewa. Kayaki ilikutwa inaelea. Yeye hajapatikana mpaka leo. Bahari yote ile, halafu pale.

Sasa wadhamini. Mdhamini anataka picha, anataka bango nyuma, na mimi sina ugomvi naye, ametoa hela yake. Lakini mkataba ukiandikwa tarehe ya kufika, msisaini. Andikeni mapokezi yatafanyika siku moja au mbili baada ya msafiri kufika. Basi. Mgeni rasmi atakutana na mtu aliyeoga, aliyelala, anayeweza hata kuongea. Wahenga walisema mkamia maji hayanywi, na tarehe ya mapokezi ndo kukamia kwenyewe, tena watu 200 wanakukamia kwa niaba yako.

Na jioni ya mwisho lala mwalo wa jirani, Igombe, Kayenze, popote, simu mpe mtu mmoja tu nambari, huyo ndo awajibu wengine, halafu ingia mjini alfajiri. Kuna Mmarekani, Ed Gillet, 1987 alitoka Monterey, California mpaka Maui kule Hawaii kwa kayaki peke yake, siku 60 na kitu, chakula kikamwishia njiani, na alipofika ufukweni hakukuwa na mtu hata mmoja anamsubiri. Watu wanaisimulia kwa huzuni. Mi naona alifika vizuri kuliko mimi. Aligusa mchanga kwa wakati wake.

Naambiwa muda umeisha, haya haraka haraka. Miguu: ukifika usiruke, haitakubeba, kaa ubavuni mwa boti kwenye maji mafupi dakika mbili uichue kwanza. Kichocho: ukipima kesho yake hakionekani, subiri wiki 6 mpaka 8 ndo uende hospitali, na uende kweli. Usingizi utakusumbua, mwili unaendelea kupiga kasia kitandani, utaisha. Kuhusu kurudi kwenye maisha ya kawaida nilitaka niwape kisa cha Oskar Speck, Mjerumani, alitoka kwao 1932 kwa kayaki akaingia upande wa Australia 1939, miaka saba, akakuta vita imeanza wakamweka kizuizini kama adui, ila hicho ni kirefu, tutakimaliza siku nyingine.

La mwisho. Jumamosi saa 12 asubuhi, kabla upepo haujaamka, nitapinduka makusudi, mita 200 kutoka ufukweni. Wale ndugu wawili wamekubali kuja na mtumbwi wao kukaa karibu yangu. Vijana nitawapa kazi zao, lakini wazazi nawaomba mje wote msimame nchi kavu, bila muziki. Nitapunga mkono nikiwa juu ya boti, halafu nitapunga nikiwa ndani ya maji, na nyie mtaniambia ipi ni ipi.