Nani Anashika Daftari? Sarafu za Mtandaoni, Kodi na Uhuru Wetu Kusini
(Mhadhara uliotolewa Mtwara)

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, vijana, hamjambo. Nawaona wengine mmetoka moja kwa moja shambani, salfa bado iko kwenye mashati. Nashukuru kwamba mmeiacha mikorosho kwa saa moja mje tuzungumze.

Nimeombwa nieleze habari za Bitcoin na sarafu nyingine za mtandaoni, na jinsi serikali inavyozitazama. Mimi sikusomea kompyuta. Nimekuwa karani wa chama cha msingi kwa miaka 19. Kazi yangu ilikuwa mizani na daftari. Vijana waliponikalisha chini wakanieleza kitu hiki kinavyofanya kazi, nilichokiona mimi kilikuwa daftari, kwa hiyo nitakisema kikarani.

Mnaujua utaratibu wetu wa stakabadhi ghalani, tuko nao hapa Mtwara tangu 2007. Mkulima analeta gunia, linapimwa, karani anaandika, mkulima anaondoka na kikaratasi. Sasa karani akiandika kilo 87 mahali pa 97, nani atamjua? Daftari analo yeye. Mkulima ana kikaratasi chake kimoja, na kama mvua imekinyeshea, hana neno.

Sasa fikirini kila mkulima wa Tandahimba awe na nakala ya daftari lote, zima. Gunia likipimwa, wote wanaandika. Kila ukurasa mpya unabeba alama iliyokokotolewa kutoka ukurasa uliotangulia, hivyo ukigusa tarakimu moja ya juzi, kurasa zote zilizofuata zinakataa kulingana, na wenzako wanaiona hila yako mara moja. Hakuna karani mkuu. Hiyo ndiyo Bitcoin, kwa ufupi wake, ila kinachoandikwa si magunia, ni sarafu: nani kampa nani, na ngapi. Maelezo yake yalitolewa Oktoba 2008 na mtu, au watu, waliojiita Satoshi Nakamoto, ambaye hadi leo hajulikani ni nani. Ukurasa wa kwanza wa daftari lile uliandikwa tarehe 3 Januari 2009, na ndani yake kiliwekwa kichwa cha habari cha gazeti la Uingereza kuhusu serikali kujiandaa kuziokoa benki kwa mara ya pili. Aliyeandika alikuwa na hoja yake: benki zimecheza na pesa za watu, halafu watu walewale ndio wanaozilipia. Akaweka na ukomo, sarafu milioni 21 na zisizidi hapo, ili asitokee mtawala wa kuzichapa anavyotaka.

Hoja ile naiheshimu, na sisi watu wa kusini tuna sababu ya kuielewa kuliko wengine. Pale Kilwa Kisiwani, mkoa wa Lindi, masultani walipiga sarafu zao wenyewe za shaba, zenye majina yao na maandishi yenye vina. Mwaka 1944 askari mmoja aliokota tano kati ya hizo ufukweni, visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Fikirini umbali huo. Ilikuwa shaba tu, lakini nyuma yake kulikuwa na soko la Kilwa, na mfanyabiashara aliyeipokea alijua kesho itapokelewa na mwingine. Mreno alipoivamia Kilwa mwaka 1505 na biashara ya dhahabu ikahama, sarafu ikafa pamoja na soko lake.

Halafu akaja Mjerumani na kodi ya nyumba, mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba. Hapa nataka tutulie kidogo. Babu zetu walikuwa na mtama, nta, mpira wa msituni. Rupia hawakuwa nazo. Kodi ilitakiwa kwa rupia, na asiyekuwa nazo alilipa kwa jasho. Yaani serikali ilichagua sarafu, halafu ikadai kodi kwa sarafu hiyo, na kwa njia hiyo ikaishika mikono ya watu bila kuwafunga kamba. Likaongezwa shamba la pamba la lazima. Julai 1905, kule Nandete kwenye vilima vya Umatumbi, wazee waling'oa ile miche ya pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Kila ninapomsikia mtu akisema habari za pesa na kodi ni za wataalamu peke yao, nawakumbuka wazee wale. Hawakuwa wataalamu, ila walijua wanachotozwa na wanachokosa.

Msinielewe vibaya: siisemi vibaya kodi. Zahanati inajengwa kwa kodi, na barabara ya kutoa korosho Newala pia. Nasema kodi ni mapatano. Mwananchi anatoa, na serikali inamtambua, inamlinda, inamsikiliza. Upande mmoja ukikosekana, mnaona wenyewe watu wanavyofanya. Julai 2021 zilipoanza tozo za miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi, madhumuni yalitajwa, madarasa na vituo vya afya, na ni madhumuni mema. Lakini mtu aliyekuwa akimtumia mama yake 20,000 alianza kumpa dereva wa basi ampelekee mkononi. Hata sokoni watu walirudi kutembea na pesa kiunoni. Serikali ikapunguza kwa asilimia 30 mwaka uleule, ikapunguza tena 2022, na 2023 ikaiondoa kwenye kutuma. Mkulima ambaye hajawahi kuingia bungeni alibadilisha sheria kwa kuacha kubonyeza simu. Huo nao ni uhuru wa mtu na pesa yake, na ulifanya kazi bila Bitcoin.

Sasa tuje kwenye sheria yetu kuhusu sarafu hizi, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Novemba 2019 Benki Kuu ilitoa tangazo kwa umma: fedha halali ya nchi ni shilingi, na kuuza, kutangaza au kutumia sarafu za mtandaoni ni kinyume cha kanuni za fedha za kigeni. Juni 2021, akiwa Mwanza, Rais Samia akaitaka Benki Kuu ianze kujiandaa kwa mambo haya. Kisha ikaja Sheria ya Fedha ya 2024, na kuanzia Julai mwaka huo ikawapo kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali, zikiwemo sarafu hizi. Mwenye jukwaa, yaani soko la mtandaoni la kubadilishia sarafu hizi, anakata anapomlipa mkazi wa Tanzania.

Angalieni vizuri neno malipo. Kinachokatwa ni malipo, hata kama faida haipo. Umenunua kwa milioni moja, bei imeshuka, unauza kwa laki nane. Asilimia 3 ya laki nane ni 24,000. Umepata hasara ya laki mbili na bado unachangia. Mkulima wa korosho anaielewa hesabu hii bila kufundishwa.

Lakini kinachoniuma zaidi si hizo 24,000. Kitu ambacho tangazo moja linakikataza, sheria nyingine inakitoza. Kama ni haramu, kodi yake ni ya nini? Na kama kinatozwa kodi, basi mwenye nacho ni mlipakodi, na mlipakodi ana haki ya kufungua mlango wa ofisi akasikilizwa.

Niwape la nyumbani kwangu. Mpwa wangu, kijana wa Newala, aliuza korosho za mama yake akapeleka 1,400,000 kwenye kitu kilichoitwa uwekezaji wa Bitcoin, kupitia kundi la WhatsApp. Kila asubuhi alionyeshwa namba zinapanda. Aliahidiwa kamisheni akileta wenzake watatu. Alipotaka kutoa, akaambiwa alipe kwanza kodi ya 200,000 ndipo hela ifunguliwe. Akakopa, akalipa. Usiku ule kundi likafungwa.

Nilimwuliza, "Mwanangu, ufunguo wa siri ulikuwa nao wewe?" Akaniuliza, "Ufunguo gani, mjomba?" Ufunguo huo ni maneno ya siri; asiye nayo, sarafu si zake.

Nikaongozana naye kwenye ofisi moja ya umma, siitaji, tukaambiwa sarafu hizo hazitambuliwi, kwa hiyo hakuna cha kuandika. Kijana alitoka pale ameinamisha kichwa. Angeibiwa mbuzi angeandikiwa.

Ndugu zangu, alichofanyiwa mpwa wangu tunakijua kwa jina: kangomba. Mtu anakuja kabla ya msimu na bakuli lake mwenyewe, anakupimia mali yako kwa kipimo chake, na wewe una shida ya ada ya mtoto. Jina la Bitcoin lilikuwa bakuli tu. Ile sifa ya daftari ambalo kila mtu analiona haikumgusa, kwa sababu hakuwahi kuwa kwenye daftari. Alikuwa kwenye simu ya mtu mwingine. Wazee mnaikumbuka DECI ya 2009, ule upatu wa hapa nchini ambao pesa ziliitwa mbegu: zilipandwa na hazikuvunwa. Ulaya kulikuwa na OneCoin, iliyojiita sarafu ya mtandaoni, ilikusanya pesa za watu hadi Uganda hapo jirani, na nyuma yake hakukuwa na daftari la kweli; mwanzilishi wake, Ruja Ignatova, alitoweka Oktoba 2017. Hata jukwaa kubwa la FTX, lililotangazwa na watu mashuhuri, lilianguka Novemba 2022 kwa sababu pesa za wateja zilitumiwa kwa siri, na mwenye nalo alifungwa miaka 25. Wote hao walioumia walikuwa wamemrudishia karani daftari.

Kijana mmoja pale nyuma ameniuliza kama basi serikali ifunge kabisa, tumalize. Hapana. Nigeria walijaribu. Oktoba 2020, vijana wa kule walipoandamana dhidi ya kikosi cha polisi cha SARS, kundi la wanawake lililokuwa likichangisha fedha za mawakili na matibabu lilizuiwa njia za benki, likapokea michango kwa Bitcoin, na kazi ikaendelea. Februari 2021 Benki Kuu yao ikaziamuru benki zisihudumie sarafu hizi. Biashara ikahamia kati ya mtu na mtu, gizani, ambako hakuna kodi wala ulinzi. Desemba 2023 zuio likaondolewa. El Salvador walikwenda upande wa pili, Septemba 2021 wakawalazimisha wafanyabiashara kuipokea Bitcoin, na Januari 2025 wakauondoa ulazima huo. Mimi naona kosa ni lilelile. Mtu azuiwe au alazimishwe, mwenyewe hakuulizwa.

Na vijana, liko jambo mnadanganyana. Mnasema sarafu hizi ni za siri, TRA hawawezi kuona. Daftari ambalo dunia nzima ina nakala yake litakuwaje la siri? Majina hayamo, zimo namba, lakini kila hatua imeandikwa na haifutiki. Jukwaa la Bitfinex liliibiwa Bitcoin karibu 120,000 mwaka 2016. Miaka sita baadaye, Februari 2022, serikali ya Marekani ilifuata nyayo kwenye daftari hilohilo ikawakamata wahusika na kurejesha sehemu kubwa. Anayeingia huku ili kujificha ameingia kwenye uwanja wa mpira wenye taa.

Ninachotaka ni kidogo na kinawezekana. Tangazo la 2019 na kodi ya 2024 visikae pamoja, serikali iamue. Ikiamua kutoza, itoze faida, iwape leseni wanaobadilisha, na dawati la polisi Newala liandike malalamiko ya sarafu kama linavyoandika ya mbuzi. Benki Kuu ina tawi hapahapa Mtwara. Watumishi wake wakaribishwe kwenye mikutano ya vyama vya msingi kabla ya msimu, waeleze kwa Kiswahili cha kawaida ufunguo wa siri ni nini, maana pesa ya korosho ikiingia tu, wale wa makundi ya WhatsApp hawachelewi.

Mama yangu pale mbele amenyoosha mkono muda mrefu. Karibu mama.

Anauliza: mwanawe yuko Dar es Salaam, anazo hizo sarafu kweli, za kwake. Akifa, yeye mama atazipataje?

Mama, umeuliza swali kubwa kuliko mhadhara wangu. Benki ukiipelekea cheti cha kifo na barua ya msimamizi wa mirathi, inafungua. Daftari hili halina wa kumpelekea barua. Pana maneno 12 au 24 ya Kiingereza ambayo ndiyo ufunguo, na mwenye maneno hayo ndiye mwenye mali. Huko Kanada ilitangazwa kwamba mwenye jukwaa la QuadrigaCX alifariki Desemba 2018, wateja wakaambiwa funguo alikuwa nazo yeye peke yake; wachunguzi walipofika walikuta nyingi ya pesa zenyewe alikwishazitumia. Mahakama ya Mwanzo inaweza kukuteua msimamizi, lakini haiwezi kukupa maneno hayo.

Mpigie leo, mama. Mwambie ayaandike kwa kalamu kwenye karatasi, asiyapige picha kwa simu, ayafunge ndani ya bahasha aiweke pamoja na hati ya shamba. Na akwambie bahasha iko wapi, wewe na mdogo wake.