Tochi ya Kuzamia: Anza na Maji, Lumeni Baadaye

Wazee wangu shikamooni. Vijana, habari za jioni.

Najua wapo watakaouliza: Dodoma na kuzamia wapi na wapi? Lakini humu ukumbini wamo wanaojiandaa kwenda kuzamia Mafia na Pemba, na wamo vijana wa uokoaji ambao mtu akizama kwenye bwawa la Mtera au la Hombolo wao ndio wanaoitwa. Wote huniuliza swali moja: ninunue tochi ya lumeni ngapi, yaani yenye mwanga mwingi kiasi gani? Mimi huwarudishia swali: unaingia maji gani?

Tazameni hapa mezani. Hili ni dumu la maji ya kunywa, nimelitia udongo kiganja kimoja, na upande wa pili nimebandika sarafu. Naomba taa zizimwe. Tochi hii ya kwanza ni ya wapiga video, mwanga wake umetanuka nyuzi 120. Naiwasha. Mnaiona sarafu? Hamuioni, mnaona ukuta mweupe. Kila chembe ya udongo inaurudisha mwanga machoni, na ukiongeza lumeni unaunenepesha ukuta wenyewe. Hii ya pili ina nguvu ndogo kuliko ile, ila miali yake imebanwa, kama nyuzi 8 hivi. Naishika pembeni, mbali na macho yangu, nalenga kwa mshazari. Sarafu ile pale!

Basi anayefanya kazi kwenye maji ya bwawa atafute mwanga uliobanwa, hata kama kwenye boksi namba ya lumeni ni ndogo. Na niseme wazi, Mtera ina mamba na viboko. Si mahali pa kwenda kujifurahisha na tochi mpya.

Baharini mambo ni mengine. Maji hunyonya rangi nyekundu kabla ya nyingine zote. Ukifika mita 10 karibu yote imekwisha, na chewa mwekundu unamwona wa kijivu. Ukimsogezea tochi kwa karibu, wekundu wake unarudi palepale, na hapo ndipo mtu anapoelewa kwa nini mzamiaji hubeba taa hata mchana. Kwenye maji angavu mwanga wa upana wa kati unafaa, na kwa mzamo wa kawaida wa usiku lumeni 1,000 zinatosha kabisa. Ila hakikisha katikati pana doa kali la mwanga, kwa sababu usiku tochi ndiyo mdomo wako. Ukichora duara, unamwambia mwenzako uko salama. Ukipeperusha haraka huku na huku, unaomba msaada. Tochi ya video haichori kitu, inamwumiza mwenzako macho tu.

Sasa betri, maana hapa ndipo watu wengi wanapoibiwa. Tochi nyingi za kuchaji hutumia betri ya 18650, yaani milimita 18 kwa upana na 65 kwa urefu. Betri nzuri ya saizi hiyo hubeba chaji ya kama miliampea-saa 3,500. Ukiikuta sokoni imeandikwa 9,900, irudishe mezani, huo ni uongo. Pigeni hesabu nami: 3,500 kwa volti 3.6 ni kama wati-saa 12.6. Lumeni 1,000 zinakula wati 10 hivi. Kwa hiyo una saa moja na dakika kidogo. Anayekuahidi lumeni 1,000 kwa saa tano kwa betri moja hajakwambia kwamba tochi itafifia njiani.

Mimi napendelea betri inayotoka. Umeme ukikatika, unayo nyingine iliyojaa. Tatizo lake ni kwamba kila ukifungua tochi unaigusa oringi, ile pete ya mpira kwenye kifuniko, na oringi ndiyo inayozuia bahari isiingie. Itoeni taratibu kwa kidole, msiichokonoe kwa pini. Ifuteni, ipitisheni katikati ya vidole mkiisikiliza: unywele mmoja au punje ya mchanga inatosha kupitisha maji. Pakeni grisi ile anayoelekeza mtengenezaji, kidogo tu, ing'ae. Zikiwa oringi mbili, ni bora zaidi. Tochi yenye tundu la chaji lililofunikwa kwa kizibo cha mpira pekee mimi siinunui.

Na msidanganyike na maandishi ya IP68. Alama hiyo inakwambia tochi inastahimili kuzama kwa kina na muda aliotaja mtengenezaji, ambacho kinaweza kuwa mita mbili tu. Mita 30 chini, shinikizo ni mara nne ya lile lililo juu ya maji. Tafuteni iliyoandikwa mita 100.

Mkisafiri kwa ndege, betri za akiba zinakaa kwenye begi la mkononi, ncha zake zimezibwa kwa utepe. Wala msiziache kwenye chaji mkalala. Mwaka 2019 meli ya wazamiaji iitwayo Conception iliungua usiku huko California, watu 34 wakafariki. Chanzo hakikuthibitika, lakini betri zilizoachwa zikichajiwa zilikuwa miongoni mwa mambo waliyoyataja wachunguzi.

Naam, dada pale nyuma. Anauliza kama tochi moja nzuri haitoshi, maana bei ni kubwa. Dada yangu, kwa usiku haitoshi. Heri upunguze bei ya ile kubwa upate na ndogo ya akiba, uifunge kifuani ambako mikono yote miwili inaifikia, na uijaribu kabla hujaingia majini. Kubwa ikizimika, unawasha ndogo, unamwonyesha mwenzako, na mnaanza kupanda pamoja, taratibu. Mzamo umekwishia hapo, hata kama hewa bado ipo.