Maji ya Mombasa yana wenyewe

Asalaam aleikum, wazee wangu, mama zangu, nanyi vijana mlioketi huko nyuma.

Leo asubuhi pale Majengo nimempisha kijana wa mkokoteni, kapanga mitungi ya lita 20 mpaka yayumba. Nikamuuliza, mwanangu, maji haya yatoka wapi? "Mferejini, mzee." Nikacheka, maana hata mimi miaka mingi ningejibu hivyo hivyo.

Visima vyetu vya kisiwani maji yake ni ya chumvi. Tunayokunywa yana wenyewe, watu wa huko yatokako: chemchemi za Mzima, kule Tsavo Magharibi, ambazo bomba lake lapitia Voi tangu miaka ya 1950; visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki, Kilifi; na Marere na Tiwi, Kwale. Na huo Sabaki ukiufuata juu waitwa Galana, kisha Athi, hadi huko karibu na Nairobi. Taka zikimwagwa mtoni huko, safari yake ni kuteremka kuja kwetu.

Sheria ya Maji ya 2016 imeweka kamati za mabonde ya mito na jumuiya za watumiaji maji, ili watu wa mto mmoja waamue pamoja. Kwenye karatasi, sina neno.

Ila mikutano yenyewe nimeiona. Viti vya plastiki, soda moja moja, mtaalamu na ramani yake. Mmoja nilihudhuria, mtaalamu kasema saa mbili nzima. Mwisho mama mmoja akainuka: "Bomba lapita shambani kwangu, nami nateka bwawani pamoja na ng'ombe. Mwataka nitie sahihi ya nini?" Pakawa kimya. Katibu, nami nimeketi ubavuni pake, akaandika: wananchi wameunga mkono.

Mama yule alifaa kuulizwa kabla ramani haijachorwa. Mfugaji naye mwamwita saa nne asubuhi, ng'ombe amwachie nani? Mfuateni anakonyweshea. Na kina mama waketi peke yao kwanza. Mbele ya wakwe zao wengi hawafungui kinywa. (Naona wengine mwatikisa vichwa. Mwawajua.)

Sasa lajengwa bwawa la Mwache, huko Kinango, Kwale, na maji yake yatafika hapa. Sisi wanywaji, nani kati yetu ameshaketi na watu wa Kinango? Na yule kijana wa mkokoteni, anayejua mfereji gani hukauka siku gani, nani amemwita?

Haya, maswali. Aanze mama yule wa leso nyekundu.