"Onyesha Picha Basi!" Nawajibu Kuhusu Kazi Yangu ya Kupiga Picha Wanaojifungua Ndani ya Maji

Hamjambo wadau. Leo nimekaa jikoni, watoto wako shule, sijajipamba na wala sitajipamba. Tangu nitaje kwamba napiga picha akina mama wanaojifungulia nyumbani ndani ya maji, swali ni lile lile: "Dada, mbona picha zenyewe hatuzioni?" Mmoja kaandika kabisa kwamba naosha vyombo hotelini, hii ya kamera najipaisha tu. Vyombo nimeosha, si siri, na si dhambi. Ila hili la picha nalijibu leo, yaishe.

Hapa Uingereza kuna sheria ya hakimiliki ya mwaka 1988. Picha nikiipiga mimi, hakimiliki ni yangu hata kama umenilipa. Lakini ukiwa umeniita nikupigie kwa mambo yako ya nyumbani, sheria hiyo hiyo inakupa haki ya kunizuia nisiitoe hadharani. Kwa hiyo picha ni zangu, kuzionyesha ni mpaka mwenyewe aridhie. Na wengi hawaridhii. Wewe ungeridhia? Upo uchi, jasho linakutoka, umemng'ang'ania mumeo shingoni mpaka kawa mwekundu. Mkunga naye akisema sura yake isionekane, haionekani.

Halafu tusidanganyane. Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu mtoto hatolewi nje mpaka arubaini ipite, na hata hapo shangazi anaangalia nani anamtazama sana. Nilipoanza kazi hii huyo shangazi alinipigia simu, shikamoo yangu hakuiitikia, akauliza: "Mwanangu, kazi zote za Ulaya zimekwisha?" Sasa nyie watu wa arubaini ndio mnataka nirushe mtandaoni kichanga cha mwenzenu kingali na utando mwilini?

Kazi yenyewe sasa. Bwawa la kujaza upepo liko sebuleni, mapazia yamefungwa, taa ni moja tu ya pembeni, kwa sababu giza na utulivu vinasaidia uchungu uende vizuri. Flashi marufuku. Natumia lenzi ya milimita 35 inayofunguka hadi f/1.4, yaani tundu kubwa la kuingiza mwanga, na ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, naiweka 6400 na kupanda, chengachenga zinajaa kwenye picha, tunazikubali. Mlio wa kamera nauzima. Ukiuzima, taa za LED zinazopepesa zinakuchorea mistari kwenye picha, basi nashusha spidi ya kunasa picha hadi 1/100 ya sekunde, kwa kuwa umeme wa huku ni hezi 50 na taa zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Januari ndiyo balaa: natoka kwenye baridi, naingia chumba chenye maji ya nyuzi 37, lenzi inafunga ukungu hapo hapo. Naiacha begini ipate joto kwanza, huku naomba mtoto asiwe na haraka. Na mabwawa mengi ni ya buluu, ile buluu inarudi kwenye ngozi. Mama mweusi anatoka kijivu kama kapakwa majivu. Kurekebisha rangi hiyo ndiko kunanikesha.

Kingine hamtaambiwa na mtu: chujio. Mama akisukuma, kinatoka kila kitu, hata choo, na mkunga yuko na chujio la kawaida la jikoni la kukiopolea majini, tochi isiyoingia maji, na kioo cha kutazamia chini. Chujio silipigi picha. Mtoto akitoka, bado hewa anaipata kwa kitovu, mkunga anamleta juu taratibu, uso ndio unatangulia kutoka kwenye maji. Rangi yake zambarau. Hizo sekunde mpaka alie, au mpaka avute pumzi tu maana wengine hawalii, ndizo ninazolipwa. Na mimi sishiki kitu. Asiyekuwa mkunga au daktari akizalisha mtu hapa, kama si dharura, ni kosa la jinai.

Simshawishi mtu. Mimi mwenyewe nilizaa hospitali. Wanaoshauriwa nyumbani ni wenye mimba isiyo na matatizo, wakunga wawili wapo, na mambo yakigeuka ambulensi inaitwa. Utafiti mkubwa wa England wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kwa mimba ya kwanza, kupanga kuzalia nyumbani kunaongeza kidogo hatari kwa mtoto. Kila mtu na mwili wake, na mkunga wake.

Haya, pesa. Natoza pauni 850. Najua mmeshazibadilisha kuwa shilingi, ngojeni. Kuanzia wiki ya 38 ya mimba, na mtoto anaweza kungoja mpaka ya 42, simu haizimwi, mbali siendi, kazi nyingine sichukui. Harusi ya wifi yangu niliikosa hivyo, na mpaka leo naambiwa nina maringo. Toa mafuta, toa bima, toa mtu wa kulala na watoto saa tisa usiku. Mapato ya kujiajiri yakivuka pauni 1,000 kwa mwaka unajiandikisha kwa watu wa kodi, hata faida ikiwa ya vocha. Na kampuni moja ya bima iliniandikia kuuliza kama kamera inaingia kwenye maji. Nikajibu haiingii. Wakaandika tena kuuliza kina cha maji!

Na msiniambie "huko wakunga bure". Mkunga wa serikali hakudai kitu mlangoni, kweli. Lakini wengi wetu wa viza tunalipia afya pauni 1,035 kwa mtu mzima kwa kila mwaka, na miaka yote ya viza unailipa mkupuo kabla hujapewa. Bure ipi?

Wale wa "dada niunganishe": mimi nipo kama tegemezi wa mume wangu, ndiyo maana naruhusiwa kujiajiri. Aliyeletwa na mwajiri kwa viza ya kazi ana masharti yake mengine. Yako ni yako, muulize mwanasheria, usinitaje mimi.

Kuna mama mmoja nimemwandikia kuomba ruhusa ya picha moja, mkono wake umeshika ukingo wa bwawa, basi. Akikubali nitaiweka. Akikataa, endeleeni na habari za vyombo.