Hema, Ndama na Wingu

Wapendwa, Bwana asifiwe. Naomba tufungue Kutoka sura ya 32. Musa yuko mlimani, siku zimekuwa nyingi, na watu huku chini wamechoka kumngoja. Wanamwendea Haruni, wanamtaka awafanyie miungu itakayokwenda mbele yao. Tazameni wanachokitafuta. Hawataki kusafiri jangwani peke yao. Hitaji lenyewe ni halali kabisa.

Sasa rudini nyuma, 25:8. Kule juu Mungu amekwisha kumwambia Musa: "Nao na wanifanyie patakatifu, ili nipate kukaa kati yao." Amekwisha kutaja vipimo vya mbao na rangi za mapazia, buluu, zambarau na nyekundu. Huku chini watu wanavua pete masikioni, Haruni awatengenezee ndama wa dhahabu, wapate mungu wa kwenda nao! Kila nikifika hapa moyo unaniuma.

Na msidhani walijiona waasi. Haruni alijenga madhabahu mbele ya yule ndama akatangaza, "Kesho kutakuwa na sikukuu kwa Bwana." Jina la Bwana lilitajwa. Waliamka mapema, wakatoa sadaka za kuteketezwa, wakala, wakanywa, wakacheza. Ibada ilikuwapo, tena ya moto. Lakini Mungu alikuwa amekwisha kuwakataza sanamu, nao wakaitikia kwa sauti moja kwamba watatenda yote aliyoyanena. Shangwe yote ile ya asubuhi haikuweza kuliziba pengo hilo.

Adhabu inayonitisha kuliko zote iko sura ya 33. Mungu anasema malaika atatangulia, adui watafukuzwa, nchi ya maziwa na asali wataipata, ila yeye hatapanda kati yao. Tuseme kweli: wengi wetu tungeipokea ahadi hiyo na Jumapili tukasimama kuitolea ushuhuda. Musa aliikataa. "Uso wako usipokwenda pamoja nami, usituchukue kutoka hapa." Na hapo anaposema ni jangwani.

Mungu alimsikia. Naomba tuelewane vizuri hapa, maana wengi wameumizwa na mahubiri ya utii: Israeli hawakurudishiwa uwepo wa Mungu kwa kuwa walikuwa wamejirekebisha. Walihurumiwa. Sura ya 34 Bwana anajitangaza kuwa mwingi wa huruma, si mwepesi wa hasira. Utii ulifuata, ukatoka kwa watu waliokwisha kusamehewa.

Basi wanavua tena vito vyao, safari hii kwa ajili ya hema, lile patakatifu Mungu aliloliagiza, wanaleta mpaka Musa anawazuia wasiendelee kuleta. Ukisoma sura ya 40 unaweza kusinzia: vitako, mbao, pazia, meza, taa, birika. Na tena na tena, "kama Bwana alivyomwamuru Musa." Sura nzima haitaji wimbo hata mmoja. Kazi ilipokwisha, wingu likaifunika hema, na utukufu ukaijaza hata Musa mwenyewe asiweze kuingia.

Hesabu sura ya 9 inaongeza jambo ambalo huwa tunaliruka. Wingu likikaa siku mbili, au mwezi, au mwaka, watu walikaa. Mwaka mzima mahali pamoja, na huo nao ulikuwa utii! Humu ndani yuko anayemuuguza mzazi, asubuhi anambadilisha shuka, jioni anambadilisha tena, na anaona wenzake wote wametangulia. Ndugu yangu, wingu lililotulia lilikuwa wingu lile lile lililowaongoza njiani.

Usiku ule aliosalitiwa, Yesu alisema: "Mtu akinipenda, atalishika neno langu, na Baba yangu atampenda, nasi tutakuja kwake, na kufanya makao kwake." Waliomsikiliza mezani ndio ambao, usiku huo huo, wangemwacha na kukimbia. Aliwajua, na hakuifuta ahadi. Tusimame tuombe.