Deringa Mfukoni: Mhadhara kwa Wafanyabiashara wa Kariakoo

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kurudia jambo ambalo baadhi yenu mmenisikia nikilisema mara nyingi, na ambalo nitaendelea kulisema maadamu naendelea kuulizwa. Sitaeleza namna ya kuomba leseni ya silaha, kwa sababu wengi wenu mnayo au mmekwishaanza taratibu zake. Nitajibu swali mnaloniuliza kila mnapowaza safari ya jioni kutoka dukani hadi nyumbani na mauzo ya siku mkononi: je, haimfai mtu kuwa na bastola ndogo kabisa, deringa, ikae mfukoni pasipo mtu kuijua?

Kwanza niitendee haki. Deringa ya kawaida ina mitutu miwili mifupi, mmoja juu ya mwingine, na kila mtutu una risasi moja. Haina magazini, yaani kisanduku cha risasi, ya kukwama. Mtu aliyekabwa na kubanwa ukutani anaweza kuigandamiza kwenye mwili wa aliyemkaba na bado ikafyatuka, ilhali bastola nyingi za kujipakia, zikigandamizwa hivyo, sehemu yake ya juu husukumwa nyuma na silaha ikagoma. Hiyo ni faida ya kweli. Faida ya pili inayosifiwa ni udogo, na hapo ndipo ninapoachana na wanaoisifu, kwa kuwa udogo huo ndio unaozaa karibu kila kasoro nitakayoitaja.

Tazameni silaha hii ilivyojipatia umaarufu. Aliyeipa jina ni Henry Deringer, fundi wa bunduki wa Philadelphia, Marekani, aliyetengeneza bastola za mfukoni za risasi moja. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1865, mwigizaji John Wilkes Booth aliingia na bastola ya Deringer yenye urefu usiofika sentimita 15 katika Ford's Theatre, jijini Washington, akamwendea Rais Abraham Lincoln kwa nyuma na kumpiga risasi ya kichwa kwa karibu sana. Lincoln alifariki asubuhi iliyofuata. Watu huikumbuka habari hiyo kama ushahidi wa nguvu ya bastola ile, nami nawasihi mwitazame upya. Booth ndiye aliyekuwa mshambuliaji. Alichagua siku, mahali na dakika, na aliyemlenga alikuwa ameketi, amempa kisogo, akitazama mchezo. Zaidi ya hayo, Booth mwenyewe hakuiamini bastola ile peke yake, kwani alikuja na kisu. Meja Henry Rathbone, aliyekuwa ameketi na Rais, alipomrukia, bastola ilikuwa imekwisha kazi. Booth aliiacha ikaanguka, akamkata Rathbone mkono kwa kisu, kisha akarukia jukwaani na kutoroka. Kwa hiyo ile sehemu ya tukio inayofanana na yenu, yaani mtu mzima mwenye nguvu anakurukia ghafla nawe unataka kumzuia, haikuamuliwa na bastola hata kidogo.

Mtaniambia kwamba Booth alikuwa na risasi moja na nyinyi mtakuwa na mbili. Hoja hiyo naijua, na inanichosha, kwa sababu anayeitoa huwa hajahesabu washambuliaji. Wakazi wa jiji hili mnawajua Panya Road: huja kundi zima, na mapanga mikononi. Baada ya risasi mbili, itakubidi ufungue kitasa, uinue mitutu, utoe maganda na kuingiza risasi nyingine kwa vidole vinavyotetemeka. Nani atakusubiri? Mwaka 1983 askari polisi wa Marekani, Dennis Tueller, alionyesha kwamba mtu mwenye kisu huweza kukimbia takriban mita 6.4 kwa sekunde moja na nusu. Ndani ya muda huo mwenye deringa ya kawaida anapaswa kuichomoa, kuivuta nyuma kwa dole gumba nyundo, yaani kile kipande kinachogonga risasi, kulenga kwa mtutu mfupi usio na alama za maana za kulengea, na kuvuta kifyatulio ambacho mara nyingi ni kigumu. Na kwa risasi ya pili lazima nyundo ivutwe tena.

Wengine husema tatizo litaondoka kwa kuchagua risasi kubwa. Ni kweli kwamba deringa maarufu ya Remington, iliyotengenezwa kuanzia 1866 hadi 1935, ilitumia risasi ya .41, yaani kipenyo cha takriban inchi 0.41, iliyokwenda polepole mno, takriban mita 130 kwa sekunde, na kwamba za leo hupatikana hata kwa .45. Lakini risasi kubwa katika kitu kidogo hupiga teke la kuumiza kiganja, na silaha inayomuumiza mwenyewe haifanyiwi mazoezi. Nimewaona wenye deringa wakifyatua mara mbili uwanjani na kuirudisha kabatini kwa mwaka mzima.

Na wale mnaosema mwizi ataiona na kukimbia: gizani hataiona, kwa kuwa mliinunua isionekane.

Muda unanibana, hivyo yaliyobaki nayapitia haraka. Kanuni ya Adhabu inakupa haki ya kujilinda, lakini kwa nguvu ya kiasi inayohitajika tu. Kibaka anayekimbia na simu yako hakupi ruhusa ya kumpiga risasi mgongoni. Deringa nyingi za zamani hazina kinga ya kuzunguka kifyatulio, na baadhi huweza kufyatuka zikianguka, kwa hiyo kuichanganya na funguo ndani ya mkoba ni hatari kwako na kwa abiria wote wa daladala. Nyumbani ikae imefungwa, mbali na watoto.

Mwenye leseni anayeona ni lazima abebe silaha, achukue rivolva ya kawaida, yaani bastola yenye silinda inayozunguka, ya risasi tano au sita, kwenye mkoba wake maalumu kiunoni, na aifanyie mazoezi. Kabla ya hapo, mauzo yapelekwe benki mchana au yaingizwe kwenye simu, duka lifungwe na watu wawili, na njia ya kurudi nyumbani ibadilishwe mara kwa mara. Nitaanza kupokea maswali kutoka safu ya nyuma.